Kunde ya Ngozinzima

Aliyekalia kinu na ashuke, na mwenye tonge mdomoni alimeze kwanza. Habari hii ni ya tumbo, nayo haitaki kusikilizwa na mtu anayetafuna.

Bi Sikudhani alikuwa mkunga. Mikono yake ilipokea watoto mia tatu na kitu, wengine wametanguliza miguu, wengine wawili wawili, na katika hao wote hakuna aliyemuuliza alifika darasa la ngapi. Alikuwa akiweka kiganja juu ya tumbo la mwanamke, anafumba macho, anasema, "Kichwa kiko huku, mgongo huku, rudi nyumbani, bado wiki mbili," na kweli huwa wiki mbili. Sasa siku moja akaweka kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe, chini kidogo ya chembe cha moyo, akakuta kitu kigumu kama pera bichi. Umri wa kuzaa ulikwisha kumpita zamani. Hakumwambia mtu. Akawa anameza tonge na tonge linarudi, mpaka siku alipotapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa, na wifi yake, Bi Zamoyoni, akamwona.

"Wifi, unakufa na hujaniaga?" Bi Zamoyoni akasema. "Ukaidi huu umeutoa wapi? Maana kwetu hatuna, na kaka yangu aliyekuoa alikuwa mpole kama maji ya mtungi."

"Kaka yako alikuwa mpole kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nagomba kwa niaba yake."

Hospitali ya kwao wakamtia bomba lenye kamera kooni, wakauona uvimbe umekaa ndani ya mfuko wa chakula. Daktari hakumficha. "Mama, hiki kinatoka. Bado hakijatambaa. Lakini ukikaa nacho miezi mitatu, usinitafute." Akamwambia kwamba iko nchi inaitwa Ngozinzima, na huko wanayo mashine ya mikono minne, inaingia tumboni kwa matundu madogo, inakata kwa ustadi ambao mkono wa mtu hauna, na mgonjwa huondoka kwa miguu yake baada ya siku chache. Basi wakaenda wawili, yeye na wifi yake. Njia haina habari. Walifika, na wiki mbili za ile miezi mitatu zilikuwa zimeshaliwa.

Langoni hawakuulizwa wanatoka wapi wala wanaumwa nini. Afisa mwenye sare nyeupe na rula mfukoni aliwaambia wafunue matumbo. La Bi Sikudhani akaliangalia, akaitikia kwa kichwa. La Bi Zamoyoni alipoliona aligeuza uso.

"Mama, una mshono wa kisu."

"Ndiyo. Mwanangu wa tatu alipitia hapo."

"Una urefu gani?"

"Mwanangu? Ananipita kichwa na mabega."

"Mshono, mama."

"Baba, mimi nilikuwa nazaa, sikuwa nashona pazia. Nani alikuwa na rula?"

Afisa akaandika kwenye daftari: mwenye aibu. Kisha akampa kitambaa kipana cha kijivu, kwa ncha za vidole, ajifunge juu ya gauni na asikifungue mpaka atakapotoka nchini.

"Haya," Bi Zamoyoni akasema akijifunga, "nimerudishiwa nepi uzeeni."

Watu wa Ngozinzima hawasalimiani kwa kuulizana hali. Mmoja husema, "Ngozi?" na mwenzake hujibu, "Nzima." Siku ile ya kwanza Bi Sikudhani alimwona mwanamume amekumbatia nguzo kando ya barabara, jasho linamtiririka, amejikunja kama mtu aliyepigwa teke. Mpita njia akamwambia, "Ngozi?" Yule akanyanyua kichwa, akajibu, "Nzima," akapongezwa, akajikunja tena. Hakuna aliyesimama.

Hospitali yao ilikuwa nzuri, hilo lisikataliwe. Sakafu ungeweza kulia wali juu yake. Lakini ukumbini, mahali ambapo kwingine pangewekwa benchi la wagonjwa, palikuwa na kisanduku cha kioo, na ndani yake, juu ya kitambaa chekundu, punje moja ya kunde. Mbele yake alisimama mzee mnene aliyenyooka kama mlingoti, cheo chake Mshika Kunde, na katika nchi ile hakuna mkubwa kuliko yeye.

"Zamani," Mshika Kunde aliwaeleza, "mtu alipasuliwa kama samaki wa kukaushwa. Mashine ilipokuja, wazee wetu wakaapa kwamba hakuna tundu litakalowekwa juu ya tumbo la mtu likazidi kunde hii. Ni miaka arobaini sasa, na kiapo hakijavunjwa hata mara moja."

Bi Sikudhani akainama akaitazama. "Baba, kunde ya miaka arobaini imesinyaa hii. Ilipochumwa haikuwa ndogo namna hii."

"Sheria haisinyai."

"Na tundu?"

"Tundu hufuata kunde," akajibu. Na ni kweli. Kila mwaka mafundi waliichonga mikono ya mashine iwe myembamba zaidi, ilingane na ile punje kadiri inavyokauka, na kila mwaka palikuwa na sherehe ya kuupongeza wembamba huo.

Akawaambia pia kwamba katika miaka yote hiyo hajapatikana mgonjwa hata mmoja aliyeshindikana. Karani hukaa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na uzi wa mwisho ukishakazwa huandika "amepona." Yanayotokea baada ya hapo hayana daftari. Dirisha la wadi ya wanawake lilitazama makaburi, na makaburi yalikuwa mengi kuliko nyumba za mji. Kila jiwe lilichongwa nukta nne ndogo, safi, zilizopangwa vizuri.

"Wifi," Bi Zamoyoni akanong'ona, "hawa waliopona wamelala fofofo."

Daktari wa mashine alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Somoe, mwenye vidole virefu na macho ya mtu asiyelala vizuri. Alimchukua Bi Sikudhani akamwonyesha mashine, na Bi Sikudhani akaipenda mara moja, kama fundi anavyopenda chombo cha fundi mwenzake. Mikono minne ya chuma ilining'inia juu ya kitanda, na kando kabisa palikuwa na kiti na kisanduku cha kutazamia.

"Nakaa pale, mama, uso ndani ya kile kisanduku. Mkono mmoja unaingia na kamera, naona ndani ya tumbo lako kama vile nimesimama humo. Nikikunja kidole, chuma kinakunja. Nikigeuza kiganja, kinageuka."

"Na ukitetemeka?"

"Mimi naweza kutetemeka. Chenyewe hakitetemeki."

"Hapo umenimaliza. Haya, sema."

"Nitakata uvimbe pamoja na nyama nzima inayouzunguka, nisiache hata uzi wake. Nitaukata na matezi ya jirani. Halafu nashona mfuko wa chakula, nahakikisha hauvuji."

"Halafu?"

"Halafu uvimbe nautia kwenye kifuko cha plastiki, humo humo ndani, nakaza kamba yake."

"Halafu?"

Daktari Somoe akatupa jicho mlangoni. Mshika Kunde alikuwa amesimama pale, mikono nyuma.

"Halafu umepona, mama."

Bi Sikudhani alirudi wadini akiwa na hilo "halafu" limemkwama kooni kama tonge. Kitanda cha jirani alilala mwanamke aitwaye Bi Arafa, uso wa rangi ya jivu, mifupa ya mabega imechomoza. Kwenye kadi yake paliandikwa: mgeni wa shukrani.

"Unaumwa nini, mwenzangu?"

"Siumwi. Nilipona mwaka jana." Bi Arafa akavuta pumzi. "Uvimbe wa tumbo. Upasuaji wangu ulisifiwa sana, nilipakwa mafuta nikaonyeshwa barazani, watu wakapiga makofi. Sasa nimekuja kushukuru."

"Unashukuru kwa kutapika?"

"Ndiyo namna ya kuandikwa hapa. Hakuna kadi ya mtu anayerudi."

Bi Sikudhani akaketi kitandani pake. "Nikupapase?"

Bi Arafa akashtuka kama ameambiwa neno chafu. Maisha yake yote hakuna daktari wala nesi aliyekuwa amemwekea mkono tumboni. Ngozi huko hupimwa kwa rula, na kilicho chini ya ngozi hakiulizwi; ni utovu wa adabu, kama kumuuliza bibi harusi ya chumbani. Lakini maumivu hayana adabu. Akafunua kanga. Nukta nne zilikuwepo, ndogo, nzuri, kama alama za sindano. Bi Sikudhani akaweka kiganja, akafumba macho, na kile kiganja kilichojua vichwa na migongo ya watoto mia tatu kikakuta kitu. Kilikuwa cha mviringo, kizito. Alipokisukuma kikasogea, alipokiachia kikarudi. Hakikushikamana na chochote. Pembeni palikuwa na moto wa usaha.

Akafumbua macho, na Bi Zamoyoni, ambaye amemjua miaka hamsini, akarudi nyuma hatua moja.

"Wamekikata," Bi Sikudhani akasema. "Wamekikata vizuri, wamekifunga mfukoni, wakamwachia humo humo."

Alimngoja Daktari Somoe kwenye korido, akamshika mkono wa koti.

"Mwanangu, uvimbe wangu ni kama pera. Tundu lenu ni kama kunde. Pera linapita wapi?"

Daktari akatazama kwanza kama korido ina mtu.

"Nakuuliza kama mkunga anavyomuuliza mkunga."

"Halipiti, mama," Daktari Somoe akasema taratibu. "Kila nchi yenye mashine hii, daktari akimaliza huongeza tundu moja likawa la vidole vinne hivi, akakitoa kifuko. Ni kazi ya dakika kumi. Sisi tunafunga."

"Mnafunga na kitu ndani."

"Tunafunga, karani anaandika."

"Na wewe umefunga wangapi?"

Machozi yakamjaa yule daktari, na Bi Sikudhani hakumfuta wala hakumwonea huruma. Huruma ilikuwa imelala kitanda cha jirani. "Usinililie mimi," akamwambia. "Nipeleke kwa hao wanaopitisha sheria."

Baraza lao lilikutana chini ya picha kubwa ya tumbo tupu. Mgeni aliruhusiwa kuomba jambo moja. Bi Sikudhani akasimama akaomba vidole vinne.

Fujo iliyozuka haielezeki. Mjumbe wa kwanza alisema vidole vinne ni kurudi enzi za kisu. Wa pili, aliyeitwa Mzee wa Vipimo, akauliza ni vidole vya nani, maana vidole havilingani, na akapendekeza iundwe kamati ya kutafuta kidole cha taifa. Wa tatu akasema mgonjwa asubiri. Huenda uvimbe nao utasinyaa kama kunde ilivyosinyaa, kwani kitu gani kinakataa kufuata sheria? Huyo alipigiwa makofi. Wa nne akaja na hekima yake: uvimbe utwangwe humo humo tumboni, uwe punje punje, kisha zitolewe moja moja, kila punje ikipimwa kwa kunde.

"Ukiutwanga ndani, mbegu zake zinamwagika tumbo zima," Daktari Somoe akasema kutoka nyuma. "Badala ya uvimbe mmoja utakuwa umepanda shamba."

"Daktari hukaa kwenye kiti," Mshika Kunde akamwambia. "Hapa si kwenye kiti chako."

"Mheshimiwa," Bi Zamoyoni akadakia, "na hilo tumbo lako, kilichomo humo kiliingia kwa tundu la kunde?"

Mshika Kunde akasema mwenye aibu haruhusiwi kunena barazani. Kisha, kwa sauti ya baba anayembembeleza mtoto, akamgeukia Bi Sikudhani. "Mama, hebu fikiria sifa yetu. Wageni huja kutoka mbali kuona matumbo yetu. Tukianza kuwaonyesha mishono, watasema nini? Wewe unataka tuaibike kwa sababu ya tumbo moja?"

Hapo Bi Sikudhani, aliyekuwa hajala chakula kigumu siku thelathini, aliyeshikilia kiti ili asianguke, akanyooka.

"Tumbo moja? Nimeyahesabu mawe yenu kutoka dirishani nikachoka. Nisikilizeni. Mimi ni mkunga. Mtoto akiwa njiani, mlango wake haupimwi kwa kunde. Ukiwa mdogo unapanuliwa, mama anashonwa, mama anaishi. Nyinyi mngekuwa wakunga mngemwacha mtoto afie ndani, halafu mngemsifu mama yake kwamba bado anaonekana mwari! Mashine haina kosa. Daktari ana mikono ya dhahabu. Kinachoua watu hapa ni nyinyi, mmekaa mnatazama ngozi. Ngozi ni mlango tu. Nani anasifu mlango wakati nyumba inaungua?"

Wakapiga kura. Kunde ikapata kura zote. Na kwa kuwa ni watu wastaarabu, wakamwambia bibi kwamba upasuaji wake utafanyika Jumatatu, kwamba utakuwa mzuri, na kwamba makofi yameshaandaliwa.

Jumapili Daktari Somoe alipita kitandani kwake. Bi Sikudhani alikuwa amechukua kalamu ya nesi, amejichora tumboni mstari, chini ya kitovu, urefu wa vidole vyake vinne.

"Mimi ni mwenye tumbo," akasema. "Kata hapo. Kama huwezi, sema sasa hivi nikafie kwetu, huko watanizika na jiwe lisilo na uongo."

Daktari akauinamia ule mstari. "Watanitoa kwenye kiti."

"Watakutoa. Sikudanganyi."

"Nimesomea miaka kumi na minne."

"Basi itumie siku moja."

Hakusema ndiyo. Akaondoka.

Jumatatu Bi Sikudhani akapigwa nusu kaputi bila kujua ataamka na nini. Usingizi ule hauna ndoto. Ni kama mtu amefungiwa kabatini. Alipozinduka, koo limemkauka, kitu cha kwanza hakikuwa kufumbua macho. Alipeleka kiganja tumboni. Nukta moja, ya pili, ya tatu. Na chini ya kitovu, plasta ndefu, na chini ya plasta mshono, na mshono ulikuwa wa vidole vinne. Akapanda polepole hadi chini ya chembe cha moyo, akapapasa. Palikuwa laini.

"Umeamka, mkaidi?" Bi Zamoyoni alikuwa ameketi kando yake, kile kitambaa cha kijivu kimechanika.

"Kimetoka?"

"Kimetoka. Nimekiona kwenye bakuli, kibaya kama roho ya Mshika Kunde. Sikiliza. Huku wanaruhusu ndugu atazame kupitia kioo, wanapenda sana kutazamwa. Daktari amekata kwa saa tatu pale kwenye kiti, kachuma kanadonoa kama ndege, safi, damu haikujaa hata kikombe. Kakitia mfukoni, kakaza kamba. Karani kalamu mkononi, na Mshika Kunde kafungua kile kisanduku chake aje apime. Mara daktari kainuka kitini! Wifi, wale watu walipiga kelele kama wameona maiti anainuka. Kaenda kunawa. Kavaa glavu. Kachukua kisu kidogo."

"Na Mshika Kunde?"

"Alitaka kuingia. Mimi nikakaa mlangoni."

"Ukakaa?"

"Nikakaa chini, kizingitini, wifi. Unajua nikishakaa mimi. Kavuta, kasukuma, kaita walinzi, kachana nepi yangu. Nikamwambia, ndani yumo mke wa kaka yangu, hupiti. Mpaka wananinyanyua, kitu kiko kwenye bakuli na daktari anashona."

Bi Sikudhani akacheka, kicheko kikamuuma mshono, akalia.

Karani, alipoulizwa, aliandika: imeshindikana. Bi Sikudhani akawa mgonjwa wa kwanza kushindikana katika miaka arobaini, naye siku ya tano alikuwa anakunywa uji na uji unakaa. Amri ikatoka kwamba akipata nguvu ya kutembea atolewe nchini kwa mlango wa nyuma, asionekane. Daktari Somoe akashtakiwa kwa kuichana ngozi ya nchi. Hawakumfunga gerezani, wana ustaarabu wao. Walimvisha mifuko miwili ya turubai mikononi, wakaishona kwenye vifundo kwa uzi mnene, ili vile vidole visishike tena kitu chochote, hata kijiko. Akawa anakaa kwenye ngazi za hospitali, mikono mapajani kama paka wawili waliokufa, na waliomjua wanapita wanamwambia, "Ngozi?"

Bi Arafa aliyaona yote hayo kutoka kitandani. Siku ya sita alimwambia Bi Sikudhani, "Mwenzangu, na mimi nakitaka kitoke." Bi Zamoyoni akakimbia kwa nesi, nesi akamkimbilia mganga mkuu, mganga mkuu akasema mgeni wa shukrani hana ugonjwa wa kupasuliwa. Na mikono pekee iliyojua njia ilikuwa imeshonewa kwenye turubai, hatua arobaini kutoka kitandani pale. Siku ya nane homa ikapanda. Siku ya tisa asubuhi Bi Arafa akafa, akishikilia mkono wa mgeni.

Mazishi yake yalikuwa makubwa. Mshika Kunde mwenyewe alikuja kuhutubia uani, akasema marehemu amewaachia mfano, ameondoka duniani na tumbo zuri kuliko alilozaliwa nalo. Watu wakapiga makofi. Ndani, wanawake sita walikuwa wanaosha. Walinzi walikuwa tayari na kigari cha kumtoa Bi Sikudhani mpakani, lakini aliwaambia hawezi kuondoka bila kumwosha aliyelala naye wadi moja, na hata watu wale, mbele ya maiti, waliona haya kumkatalia. Hakuweza kuinua ndoo. Akawekewa kigoda kando ya ubao.

Yafika mahali katika kuosha ambapo tumbo la maiti hukandamizwa kidogo, taratibu, ili kilichobaki kitoke. Wanawake wa Ngozinzima walikuwa wameliacha hilo tangu zamani, wakimwagia maji tu juu ya ngozi. Bi Sikudhani akanyoosha mkono akakandamiza. Kisha akamshika mwosha aliyekuwa karibu, akakichukua kiganja chake, akakiweka pale.

"Unakisikia?"

Yule mwanamke akamvuta mwenziwe, naye akaweka mkono. Wakaweka wote sita, mmoja baada ya mwingine, na maji yalikuwa yanachuruzika sakafuni, na nje Mshika Kunde alikuwa bado anasifu. Hakuna aliyelia. Mwanamke wa kwanza, wa miaka kama thelathini na mitano, akafungua kanga yake mwenyewe. Nukta nne.

"Bibi," akasema, "nipapase na mimi."

"Ulipona lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Lala hapo kwenye mkeka. Kunja magoti. Pumua."

Mlinzi akagonga mlango akasema kigari kinangoja. Bi Zamoyoni akaenda akakaa kizingitini.

Bi Sikudhani akaweka kiganja, akafumba macho. "Kimo," akasema. Akaja wa pili. "Wewe hakimo, shukuru Mungu, chako kilikuwa kidogo." Wa tatu. "Kimo." Wa nne akajilaza kabla hajaambiwa, na kiganja cha Bi Sikudhani kikakaa juu ya lile tumbo muda mrefu kuliko mengine yote. Nje makofi yalikuwa yanaanza tena.

"Kimo," akasema. "Lakini bado hakijaoza. Huyu bado ana siku."

Akafumbua macho, akatazama kando ya ubao, palipokuwa na sanda, pamba, na mkasi mkubwa.

"Wifi," akasema, "chukua huo mkasi wa sanda. Nenda kwenye ngazi, kamkatie daktari nyuzi."